Alipouliza Kama Tuna Chakula

Jumanne, mwezi wa kumi. Asubuhi mvua kutoka ziwani, kisha jua kali ghafla.

Leo bwana shamba alipita kwetu hapa Muleba. Ni kijana mwenye adabu, kwao ni mkoa wa mahindi. Mnyauko umemaliza vibanja vyetu vya migomba, na serikali inagawa miche safi, ila haiwatoshi wote. Wataanza na kaya zisizo na chakula. Akauliza pale mlangoni, "Mama, chakula mnacho?"

Nikasema, "Hatuna."

Sikudanganya. Sisi Wahaya ukisema chakula umesema ndizi, ebitoke. Vingine ni vya kupoozea njaa. Lakini alishaona gunia la mahindi nyuma yangu, na mama mkwe kibarazani akichovya tonge la ugali kwenye maharage.

"Na bibi anakula nini?"

"Mimi sijala tangu migomba ife, waitu," mama mkwe akajibu kwa adabu ya Kihaya, mdomo umejaa.

Bwana shamba akacheka mpaka akashika mlango. Na mimi nikacheka. Kumbe alikuwa ameshaamua. "Basi chakula kipo. Nyie mtasubiri."

Hapo nikakasirika. Mahindi yale tulinunua Bukoba mjini kwa hela ya kahawa. Kahawa ikikosa bei, gunia halipo. Mgomba hauulizi bei. Unakata mkungu, na mtoto wake yuko pembeni anakua. Nikamwambia, "Andika mahindi yapo, ndizi hakuna. Yote mawili."

"Mama, swali ni moja. Ndiyo au hapana."

"Basi hapana. Na mkubwa wako akikataa, mlete hapa, nitamwambia hapana hivyo hivyo."

Nimpe haki yake: hakunitisha. Alisema tu kwamba jirani yangu mjane hana hata muhogo, na mimi nikipata miche huenda yeye akakosa. Hilo liliniuma. Nikasema aanze kwa mjane, sina neno. Lakini kusubiri zamu si sawa na kuwa na chakula, na jibu langu sibadilishi. Akaandika hapana huku akitikisa kichwa. "Mama, wewe mbishi."

Labda ni ubishi tu. Shule niliishia la saba, na kulisha nchi nzima sijui kunapangwaje. Ila hakuiuliza nchi nzima, aliniuliza mimi.

Jioni tulikula viazi vitamu na dagaa wa Kemondo. Nilishiba, siwezi kusema uongo.