Keki ya Zambarau Iliyotoa Moshi Mbele ya Wakwe

Aibu yangu haihitaji kutangazwa, mtaa wetu mzima wa Isevya wanaijua, maana mpaka leo nikipita sokoni na sinia kichwani lazima atokee mtu wa kuniuliza, "Bi Tatu, leo umebeba na ndoo ya maji?" na wenzake waangue kicheko, nami nacheka nao kwa sababu nikinuna ndiyo watazidi. Kwa hiyo nimeona bora niiandike mwenyewe, kwa mkono wangu huu ulioishia darasa la tatu, kabla hawajaiongezea chumvi (tayari wapo wanaosema nyumba iliungua, nyumba haikuungua, kiliungua kitambaa).

Kwanza mjue kwamba mimi ni mpishi. Sijisifu, nasema kilichopo. Mkate wa kumimina wa Bi Tatu umeliwa kwenye harusi za mtaa huu tangu wanangu wanatambaa, na watu waliohamia Dar es Salaam wakija msibani wananiuliza habari za mkate kabla hawajanipa pole.

Sasa mjukuu wangu Zuhura, niliyemlea tangu ananyonya kidole, akapata mchumba. Kijana mzuri, fundi umeme, ana adabu, ila ana kasoro moja: ni Mzaramo wa Bagamoyo. Na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wanateremka pwani kwa miguu na meno ya tembo mabegani, na mtani hana dogo, atakucheka msibani, atakuficha viatu harusini, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Bibi wa yule kijana anaitwa Bi Mwanahawa. Posa ilipokubaliwa akanipigia simu, na sikuwahi kumwona hata kwenye picha.

"Mtani, mwangaluka!" akaniamkia kwa Kinyamwezi cha kunikejeli. "Jumamosi ya wiki ijayo tunakuja huko kwenu kupanga harusi. Mtatulisha nini, mihogo ya kuchemsha?"

"Nitawalisha keki," nikasema.

"Keki! Nyie wa asali na ugali, keki mmeiona wapi?"

"Njoo ule kwanza, mnywa madafu wee, ndipo uongee."

Basi tukawekeana. Keki ikiwa mbovu, siku ya harusi mimi, bibi wa bi harusi, nafunga kanga kiunoni nasugua masufuria ya pilau mbele ya pande zote mbili. Ikiwa nzuri, anasugua yeye. Simu ilikuwa kwenye spika, sebule nzima ilisikia, na mshenga wetu, Mzee Hamisi, akawekwa shahidi. Hebu fikirieni, siku niliyotakiwa nikae kiti cha mbele napepewa, nionekane nyuma ya nyumba nimechuchumaa, masizi mpaka kwenye viwiko! Nikajiambia hilo halitokei nikiwa hai.

Ulikuwa msimu wa zambarau, mvua zimeshaanza, watoto wote wa mtaa ndimi za rangi ya wino. Nikanunua kikapu kizima, zile nono zinazopasuka zenyewe, na malimau ya Itetemia yenye ngozi nyembamba, na mayai ya kienyeji. Nia yangu ilikuwa kuipika kwenye sufuria yangu ileile ya mkate. Lakini Zuhura alikuwa ameagiza kwa simu chombo kipya cha nyumba yake, sufuria nzito ya keki yenye mikunjo mikunjo kama kilemba, na katikati imesimama bomba, wazi juu, wazi chini. Keki ikitoka inakuwa na shimo kama bangili. Nilipoiona tu nikajua hii ndiyo itakayomziba mdomo yule mwanamke.

"Bibi," Zuhura akasema asubuhi ya Jumamosi, akienda kupakwa hina, "koroga tu unga. Nikirudi tutaipeleka kwa mama Shabani, ana oveni ya umeme. Na usome ile karatasi iliyokuja na sufuria, ina picha."

"Nenda, mke mwenzangu, nenda kapambwe."

Hapo ndipo penye kosa lote, na ni dogo kuliko punje ya mtama. Mimi keki yangu ikaivie nyumbani kwa mtu? Ili kesho mama Shabani aseme ni yake? Nikaamua nitaipika mwenyewe kwa mkaa. Na ile karatasi (nitasema tu, nimeshazeeka, aibu ya nini) nikawashia jiko.

Nikatoa kokwa za zambarau moja moja mpaka vidole vikawa kama vya mtu aliyepiga kura mara kumi. Nikakwangua maganda ya limau, nikapiga mayai na sukari mpaka mkono ukaniuma, nikatia siagi, unga, maji ya limau kidogo, zambarau mwishoni taratibu zisivunjike. Harufu ilitoka hiyo, jirani akachungulia juu ya ukuta. Zambarau zilizobaki nikazichemsha sharubati, jagi zima, nyekundu ya kuiva, nikaitia barafu.

Kupika kwa mkaa nakujua. Unaweka sufuria kubwa jikoni, unamwaga mchanga ndani, unakalisha chombo chako juu ya mchanga, unafunika, unapanga makaa juu ya mfuniko. Ila lile bomba lilinitia mawazo. Nikalizunguka. Nikalichungulia. Mtu hawezi kutengeneza bomba bure. Ndipo nikakumbuka samawari ya marehemu mama mkwe wangu, lile birika kubwa la shaba lenye bomba katikati, mkaa unakaa ndani ya bomba na chai inachemka pembeni. Nikapiga kofi. Kumbe! Wazungu wamechukua samawari wakaifanya sufuria ya keki! Nikachukua koleo, nikajaza vipande vidogo vya mkaa mwekundu bombani, nikafunika, nikakaa kwenye kigoda na kujiona nimesoma kuliko waliosoma.

Na mjue iliiva. Iliiva kuliko zote nilizowahi kupika, imeumuka, kahawia, zambarau zinachungulia. Niko kwenye kuchomoa makaa bombani kwa koleo, nasikia nje, "Hodi! Hodi wenye mji!" Wakwe! Gari lao limewahi, mimi bado niko na kanga ya jikoni. Nikachomoa haraka haraka, nikainua sufuria ya keki, makaa mengine yakabaki kwenye mchanga, nikaona bomba jeusi tupu, basi, nikakimbilia chumbani kubadilisha nguo. Sikujua kwamba kipande kimoja, kimevaa majivu yake kama mzee aliyejifunika shuka, kimekwama shingoni mwa bomba, pale linapobana.

Bi Mwanahawa alikuwa mwanamke mrefu, dera la rangi ya maziwa, pua juu. Tukakumbatiana, tukaulizana za safari, za nyumbani, za waliobaki, akaketi karibu na meza. Zuhura naye alikuwa amerudi, hina bado mbichi mikononi, hawezi kushika kitu. Mzee Hamisi kanzu nyeupe pee, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

"Haya, mtani," Bi Mwanahawa akasema, "nimekuja na njaa kutoka Bagamoyo. Iko wapi hiyo keki ya mihogo?"

Ningeweza kuitoa kwenye sufuria kulekule jikoni. Mtu mwenye akili angeitoa jikoni. Lakini nilishaona kwenye simu ya Zuhura wanavyoigeuza mbele za watu na watu wanashangilia, na mimi nilitaka kushangiliwa. Nikatandika sinia kitambaa cha kudarizi cha mama mkwe, nikaleta sufuria kwa vitambaa viwili, nikaifunika na sinia, bismillahi, nikaigeuza. Nikagonga mara tatu. Nikainua.

Jamani. Ilitoka nzima kama ilivyo, mikunjo yote, zambarau zimechuruzika pembeni kama nakshi za mlango. Vigelegele! Mzee Hamisi akapiga makofi. Nikamwangalia Bi Mwanahawa, naye akakodoa macho kwenye keki, na nikaona kabisa masufuria ya pilau yanahamia upande wake.

Halafu ikaanza kutoa moshi.

Kidogo tu, uzi mmoja, katikati ya shimo, unapanda wima kama bomba la kiwanda.

"Bado ya moto, mashallah," akasema Mzee Hamisi.

"Ni mvuke," nikasema.

"Mvuke wenu huku unanuka kitambaa," akasema Bi Mwanahawa.

Hapo ningekiri, tungecheka, yakaisha. Lakini mimi, kwa kinywa changu hiki, nikasema, "Nyie wa pwani hamjui, hizi keki za kisasa ndivyo zilivyo, zinafukizwa kwa ndani." Zuhura akaniangalia. Mtoto huyo ananijua, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, umefanya nini?"

"Nyamaza, mke mwenzangu."

Mzee Hamisi, maskini, akaniamini. Akainama juu ya shimo anuse vizuri hayo mafukizo, akavuta pumzi, akapaliwa na majivu, akapiga chafya moja ya nguvu, na ile chafya ikawa ndiyo kipepeo. Mkaa ukawaka, kitambaa kikashika, ulimi wa moto ukatoka katikati ya keki yangu kama mshumaa wa sikukuu ya kuzaliwa.

"Moto!" wakapiga kelele wote. Bi Mwanahawa akaruka kwenye kiti, Zuhura amenyanyua mikono yake ya hina juu hawezi kusaidia, na mimi nikanyakua kitu cha kwanza chenye maji kilichokuwa mezani, nikamwaga chote kwa nguvu zangu zote.

Lilikuwa jagi la sharubati ya zambarau.

Moto ulizimika, nisidanganye. Lakini ile kanzu nyeupe pee ilikuwa zambarau kuanzia kifuani mpaka magotini, barafu zimekwama kwenye mfuko, na lile dera la rangi ya maziwa lilikuwa na madoa kama chui. Keki imekaa katikati ya dimbwi, upande mmoja mweusi. Nikasikia kuku nje. Moyo wangu haukuwa tena kwenye masufuria, ulikuwa kwa Zuhura, maana niliona machozi yanamlenga, na nikawaza, Tatu wewe, kwa kiburi chako umemwunguzia mtoto ndoa.

Bi Mwanahawa akajifuta uso polepole kwa kiganja. Akasogea mezani. Akachungulia ndani ya shimo la keki muda mrefu, akachukua kijiko, akachokoa kile kipande cha mkaa, akakiinua juu wote wakione.

"Mtani," akasema, "hii ndiyo nyama ya ndani?"

Basi nyumba ikalipuka. Walicheka mpaka Mzee Hamisi akakaa chini sakafuni na kanzu yake. Zuhura alicheka na kulia pamoja. Bi Mwanahawa naye, bila aibu, akakata kipande cha upande usioungua, akakikamua sharubati kama nguo, akala. Akatafuna. Akala na cha pili.

"Tamu?" nikamuuliza.

"Tamu," akasema. "Nimekula keki nyingi, hii tamu. Lakini hatukushindania utamu peke yake. Keki inayotaka kuwachoma wakwe ni mbovu. Mzee Hamisi, wewe ni shahidi, unasemaje?"

Mzee Hamisi akaangalia kanzu yake. "Tatu atasugua," akasema.

Na nilisugua. Siku ya harusi ya mjukuu wangu, kanga kiunoni, majivu na mchanga, masufuria saba makubwa, watu wanapita wananipiga picha, watoto wanaimba jina langu. Zuhura alikuja na nguo zake zote za bi harusi kunibusu, akapata masizi shavuni, na picha hiyo ndiyo aliyoitundika sebuleni kwake Bagamoyo. Kwenye sufuria la tano nikasikia mtu amechuchumaa pembeni yangu. Bi Mwanahawa, amepandisha mikono ya nguo, ameshika kopo la mchanga.

"Usidhani nakusaidia," akasema huku anasugua. "Niambie, limau unatia kabla ya mayai au baada?"

Nikamwambia. Nikamwambia na maganda, na zambarau zitiwe mwishoni, na siagi kiasi gani, yote kwa moyo mmoja, maana mtu aliyekula keki yangu baada ya kumwagiwa jagi ni ndugu. Nami nimeapa, kwa umri huu, karatasi iliyokuja na chombo siiwashii tena jiko. Hata nisipoielewa nitaangalia picha, na nisipoelewa picha nitamwuliza mtoto, na moshi ukitoka nitauita moshi.

Ila kabla hajanyanyuka aliniuliza jambo moja zaidi. Alikuwa amejinunulia sufuria kama ile, akasema, na hajaelewa vizuri lile bomba la katikati ni la nini hasa.

Nikamwangalia, mtani wangu wa Bagamoyo, masizi puani.

"La mkaa," nikamwambia. "Jaza mpaka juu."

Nasubiri simu yake.