Piketi ya Tatu

Laurentine Kabedi hakuwa mtu wa maneno mengi. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba Kolwezi. Baba yake alitengeneza mota za mgodi, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, ufundi wa umeme alimrithisha binti. Sasa ana miaka arobaini na minne, na mikono yake inajua waya kuliko sindano.

Mume wake, Muamba, alikuwa mchimbaji. Enzi zile watu walichimba hata ndani ya nyumba: unatoboa sakafu ya chumba, unateremka kwa kamba, unaifuata kobalti mpaka chini ya kitanda cha jirani. Asubuhi moja Muamba alikunywa chai, akatoka, hakurudi. Siku ya tatu akaja rafiki yake Kankolongo.

"Bwana yako alipanda treni," akasema, macho chini. "Eko Lubudi, na mwanamuke."

Laurentine alimfuata Lubudi mara mbili. Safari ya kwanza alikaa wiki nzima akiwauliza wauza mihogo wa stesheni. Hakuna aliyemwona. Mjane hulia, hunyolewa, akaanza upya. Yeye hakuwa na wa kumlilia wala wa kumtukana. Kwa miaka tisa hakubadilisha kufuli ya mlango. Mwanamume akikohoa njiani, alishtuka.

Mtaa ule wa mashimo ulibomolewa, watu wakahamishwa, na juu yake likasimama jengo la ofisi lenye maegesho chini ya ardhi. Mwaka jana mwenye jengo akataka humo nguzo sita za kuchaji magari ya umeme. Kazi akapewa Laurentine.

Hakupapenda tangu siku ya kwanza. Jua liwake vipi huko nje, kule chini kulikuwa na ubaridi wa kisima. Alipokuwa akivuta waya ndani ya mabomba, alisikia kikohozi, kile kikavu cha watu wa vumbi. Mara mbili, kisha kimya. Akamtazama Elise, mama aliyekuwa akipaka mistari ya kuegeshea magari.

"Mi nasikiaka tangu wiki," Elise akasema bila kuinua brashi. "Njo maana chakula nakulaka kule juu."

Sasa, kabla umeme haujawashwa, sharti fimbo ndefu za shaba zizamishwe ardhini, ili waya ukivuja, umeme ukimbilie udongoni badala ya kuua mtu. Mafundi huziita piketi. Mbili za kwanza zilimtoa Laurentine jasho. Ya tatu, kwenye kona ya mwisho, ilipokea nyundo vizuri kwa urefu wa mkono, kisha ikamponyoka, ikatoweka. Alivuta pumzi, akaishusha, ndipo akaisikia ikigonga jiwe. Ndani ya tundu lile ukapanda upepo wa vuguvugu, ukamgusa uso.

René, mkuu wa kazi, akaja akamulika kwa simu.

"Ni shimo ya zamani tu. Kesho lori ya béton inakuya, tutaiziba na zege."

"Tata René, na kama muko batu mule?"

"Batu gani, mama?"

Laurentine akaweka nyundo chini. Alijua wa kumwuliza.

Kankolongo siku hizi hutengeneza pikipiki za teksi kule Manika. Laurentine alimkuta akisafisha kabureta, hakumsalimu.

"Piketi yangu imeanguka mahali hamuna udongo," akasema. "Pale ilikuwaka nyumba ya mama Annie, kwenye mulikuwa munachimbaka na Muamba."

Kankolongo akafuta mikono kwa kitambaa cha petroli, akafuta, hata ilipokwisha kutakata akazidi kufuta. Halafu akaketi chini palepale, mbele ya wateja.

"Mama, Muamba hakuendaka Lubudi. Balishukaka batatu. Kamba nilishika mi. Udongo ukaanguka, kamba ikakuwa nyepesi." Akakunja kile kitambaa. "Alikohoa mpaka saa sita. Mi nikakimbia, na kwa bale bengine babili pia nikadanganya."

"Ulimusikia?"

"Nilimusikia. Na leo namusikia."

Laurentine alitamani kumpiga. Mkono ukakataa kuinuka.

"Simama," akasema. "Utaenda kumwambia tata René."

Lakini siyo huruma iliyolifungua shimo. René alipoelezwa handaki linapita wapi, aliogopa jengo litazama pamoja na magari. Wakaletwa watu wa migodi, wakakata zege, wakashinda siku mbili wakiegemeza kuta za handaki kwa magogo. Kankolongo aliomba kushuka nao. Alipopandishwa, uso ulikuwa mweupe kwa vumbi.

"Beko bane," akasema.

Wanne. Na walioshuka siku ile walikuwa watatu.

Mifupa haisemi jina. Ilipokosekana njia ya kumtambua Muamba, Laurentine alikata shauri kuwalilia wote. Kilio kilikaa siku tatu uani kwake, wanawake wa kanisa wakaimba kwa Chiluba, lugha ya Kasai, naye akanyolewa kichwa. Kankolongo alikaa pembeni. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyempa kiti. Msalaba ukaandikwa majina matatu, na chini yake pakaachwa nafasi tupu.

Alitumaini kikohozi kingenyamaza. Hakikunyamaza. Nguzo zinafanya kazi, madereva husinzia vitini huku betri zikijaa, na kila Jumatatu Laurentine hushuka kukagua. Akikisikia siku hizi, husema "Pole," akaendelea na kazi.

Ila habari ya yule wa nne ilienea. Wanawake wakaanza kuja, kutoka Likasi, kutoka Kamina, kila mmoja na picha ya mtu wake aliyepotea. Mwezi uliopita mama mmoja alimfuata mpaka kule chini, kati ya magari.

"Wa kwangu alikuwaka murefu," akasema. "Ule wa nne, alikuwa murefu?"

Laurentine angeweza kusema ndiyo, na yule mama angepata usingizi.

"Siyui, mama," akajibu. Akaweka koleo chini, akamshika mkono. "Kuya tupande kule juu. Uniambie jina yake."