Moyo wa Mama na Maji ya Jirani

Nilipokuwa mdogo, mama alinisafisha masikio kwa unyoya wa kuku kila Jumamosi, kana kwamba Jumapili padri angekuja kuyachungulia. Unyoya ukifika mahali fulani ndani, nilikohoa. Sikuwa na mafua wala vumbi kooni. Nikamuuliza mama kwa nini mtu aguswe sikioni akohoe kooni. Akanibana kichwa kati ya magoti yake akasema, "Tulia. Siku moja maswali yako itatuletea matata." Hakukosea. Swali langu moja lilituletea matata makubwa, ingawa halikuwa lile la sikio.

Sasa mimi ni mwalimu wa biolojia kijijini kwetu Nyabiondo, na sijapona ugonjwa wa kuuliza. Wanafunzi wangu wanajua kwamba ukinijibu "njo vile iko", yaani ndivyo ilivyo, nitachemka na utasimama hadi upate jibu jingine. Sina uvumilivu, nakiri. Mama husema nilizaliwa nikiwa nimekunja uso.

Yeye analima maharagwe na mihogo kwenye mteremko wa juu ya nyumba yetu. Shamba lake limepakana na la mama mwingine wa rika lake, jirani yetu, na tangu sijazaliwa wawili hao walilimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Kanisani walisimama bega kwa bega kwenye kwaya. Mmoja akiugua, mwingine alipalilia mashamba yote mawili bila kuambiwa. Mimi huyu jirani nilimwita mama pia, na alinichapa kama mama.

Siku moja ya palizi mama alirudi kutoka shambani kwa jirani, akainama mlangoni kufungua mzigo wa kuni, akabaki ameinama. "Mutima yangu iko inakimbia," alisema. Nilimkalisha, nikaweka kiganja kifuani mwake. Nimewahi kupima mapigo ya darasa zima, lakini yale yalinishinda kuhesabu. Jasho lilimtoka, midomo ilikauka, na mimi nikashikwa na woga. Nikaanza kuuliza.

"Ulikunywa nini kule?"

"Mutobe tu," akasema. Mutobe ni maji matamu ya ndizi, watoto wanayanywa.

"Na yeye alionja kwanza?"

Hapa lazima nieleze. Kwetu, anayekupa kinywaji hukionja mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi kikombe. Ni adabu, na ni ulinzi pia, kwa sababu watu wa huku wanaiogopa sana karuho, sumu inayosemekana kutiwa kwenye kinywaji na kummaliza mtu polepole. Mama aliniangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Apana. Hakuonja."

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa ameketi pale pale akichambua maharagwe. Akayaacha. Alitoka mbio, akarudi na majani ya kutapisha yaliyotwangwa na kuchanganywa na maji, akamnywesha mama. Mama alitapika, na moyo ukatulia papo hapo, mbele ya macho yetu. "Si munaona?" shangazi akapiga makofi. "Karuho imetoka, mutima imetulia!" Nani angebisha? Hata mimi mwenye diploma sikubisha. Kufika Jumapili, kilima kizima kilikuwa na habari.

Jirani alikuja mara moja kuuliza hali. Mama aliingia ndani akafunga mlango. Baada ya hapo jirani hakuja tena, wala kwenye kwaya hakuonekana, na maharagwe yake yaliiva yakapasukia shambani kwa kukosa mikono ya kumsaidia. Mara mbili mawe yalitua juu ya bati la nyumba yake mchana kweupe. Huku kwetu mtu akishaitwa mtia sumu, mawe ni mwanzo tu. Tulimjua mwanamke aliyehama na sufuria moja kichwani kwa maneno ya namna hiyo. Nilipokuwa nikipita njia ile kwenda shule niliangalia miguu yangu. Swali lilikuwa langu, na nililijutia kila asubuhi.

Moyo wa mama ulikimbia tena alipokuwa akivuna. Shangazi hakuwepo na majani hayakuwepo, basi mama akaingiza kidole kooni. Alijikamua mara moja, macho yakamtoka machozi, lakini hakutoa kitu, hata mate. Na moyo ukaacha mbio zake kama jenereta iliyozimwa. Nilikuwa nimemshika mkono, nilisikia kwa vidole vyangu.

"Mama," nikasema, "kama hakuna kitu imetoka, sasa ni nini imetulia?"

"Sijue."

Shangazi aliposikia alisema shule imeniharibu. Lakini swali lilikuwa limeshaniingia kama mchanga kwenye kiatu. Barabara ilipofunguka baada ya mvua nilimpandisha mama kwenye pikipiki hadi Sake, na kutoka hapo tukapata gari hadi Goma.

Daktari alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwomba mama avue viatu apande kitandani. Mama akainama kufungua kamba, na moyo, bila aibu mbele ya wakubwa, ukaanza mbio zake. Sijawahi kufurahia ugonjwa kama siku ile. Daktari akambandika waya kifuani, karatasi ikaanza kutoka na vilima vilivyobanana. Kisha akachukua bomba la sindano lisilo na sindano, akamwekea mama mdomoni.

"Mama, puliza humu kwa nguvu, mupaka nikuambie basi."

Mama alipuliza mashavu yakajaa. Daktari akamlaza chali kwa haraka, akainua miguu yake juu. Vilima kwenye karatasi vikaachana. Moyo ulikuwa unatembea.

Nikamrukia kwa maswali, na yeye, Mungu ambariki, hakuchoka. Alisema moyo wa mama una njia ndogo ya ziada ambamo umeme wake unazunguka kama gari lililokosa kona. Mtu anaweza kuzaliwa nayo na kukaa miaka mingi bila kuijua. Kuinama tu kunatosha kuuamsha. Na kinachouzima ni neva moja ndefu inayoitwa vagus, jina la Kilatini lenye maana ya mzururaji. Inatoka chini ya ubongo, inashuka shingoni, inapita kooni, inaushika moyo na kuuzuia usikimbie, halafu inaendelea hadi tumboni. Ukipuliza kwa nguvu, ukitumbukiza uso kwenye maji baridi, ukijitapisha, unaiamsha bila kumpasua mtu.

"Ukijitapisha?" nikauliza.

"Koo likishtuka inatosha. Si lazima kitu kitoke."

Nilimgeukia mama. Alikuwa anaangalia ukuta. Daktari akaongeza kwamba neva hiyo ina tawi dogo linalofika hadi ndani ya sikio, ndiyo maana wengine wakiguswa humo wanakohoa.

"Unyoya!" nilipiga kelele, hadi muuguzi akachungulia. Miaka yote ile! Nilicheka, kisha nikaona ninalia kidogo.

Akanisimulia kwamba katika nchi za mbali kuna vifaa vidogo vya kubana sikioni, vinavyopitisha umeme hafifu kwenye tawi lile. Vinajaribiwa kwa wenye kifafa, kwa maumivu ya kichwa, kwa watu waliozama katika huzuni, kwa sababu neva hiyo haiteremshi amri tu. Sehemu kubwa ya nyuzi zake inapandisha habari kutoka moyoni na tumboni hadi kwenye ubongo. Wengine wanapata nafuu, alisema, mengine bado hayajulikani, na anayekuambia inaponya kila kitu anakudanganya. Mimi nilikuwa nimeshaiona betri ya redio yetu kichwani. Sijui alinisomaje. "Madamu," akasema, "usijiwekee betri kwenye sikio. Mama anahitaji maji baridi na bomba hili, na vidonge hivi. Moyo ukikataa kutulia, mumupeleke kwenye kituo cha afya haraka."

Betri niliiacha. Lakini nilijibana sikio kwa kibanio cha nguo, nikapata maumivu ya sikio na kicheko cha mama. Niliimba wimbo wa kanisa kwa pumzi ndefu huku nimeshika mkono wangu, na mapigo yalipungua kweli kila nilipotoa pumzi. Darasani nilileta beseni la maji ya mtoni. Wanafunzi walipima mapigo, wakatumbukiza uso mmoja mmoja, wenzao wakahesabu, na walipoona moyo unapunguza mwendo chini ya maji walishangilia. Mmoja alikaa chini ya maji muda mrefu kwa sifa, nikamtoa kwa kola. Nadhani ndilo somo langu bora hadi leo.

Tatizo ni kwamba mama alikubali maji akakataa mengine yote. "Maji inaweza kutuliza hata karuho," alisema. "Dokta ya Goma anajua nini ya huku?" Nilibishana naye hadi sauti ikakauka. Nilichora neva ukutani kwa mkaa, kutoka kichwani hadi tumboni. Alinisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza wanafunzi waliosahau kazi ya nyumbani. Siku nyingine alikuwa ameketi akiutazama ule mchoro, akaniuliza, "Ulisema tumbo inatuma habari kwa kichwa?"

"Ndiyo, mama."

"Njo maana nikimuona kule kwa shamba, tumbo inanifunga. Na kichwa inaanza kusema ni yeye." Kisha akaniita kama wanafunzi wangu wanavyoniita. "Mama mwalimu, mi naogopa ao nimerogwa, sijue tena."

Nikaona wakati umefika. Nilimwambia kwamba siku ile yeye hakuwa amemshuku mtu. Mimi ndiye niliyeuliza kama jirani alionja. Shuku ilikuwa ya kwangu, yeye aliipokea tu kutoka kwa mtoto wake aliyesoma. Nilikwenda peke yangu kwa jirani kuomba msamaha. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, amekonda, mashimo mawili ya mawe yakionekana kwenye bati juu yake.

"Mwanangu, wewe nimekusamehe," alisema. "Lakini mama yako njo alifunga mulango. Akuje yeye mwenyewe."

Niliporudi na maneno hayo mama alikaa siku tatu bila kuyagusa. Siku ya nne asubuhi alichuma sombe, majani machanga ya mihogo, akayafunga kwenye kitenge. "Twende," akasema. "Na mimi nataka kujua." Basi nikafahamu nilikoutoa ugonjwa wangu wa kuuliza.

Jirani alitupa viti. Alimimina mutobe kwenye kikombe, akaonja mbele yetu, akakiweka mezani. Mama hakukigusa. Mimi nilitamani kufa.

"Ile siku sikuonja," jirani akasema, "sababu weye si mugeni. Muntu anaonjeaka mugeni. Miaka yote hii, mi niliona weye ni dada yangu." Alikuwa analia bila kujifuta. Mama naye alilia. Kisha, kwa kukosa neno la kusema, akainama kuchukua kitenge cha sombe kilichokuwa miguuni pake. Akabaki ameinama.

Nilimjua mgongo ule. Nikamshika mkono, mapigo yalikuwa hayahesabiki. "Hakunywa kitu," jirani alisema kwa hofu, akirudi nyuma hadi ukutani, mikono juu. "Mungu anaona, hakugusa kitu ya hapa!" Ndipo mama alipoinua macho akamwangalia. Aliangalia kikombe kilichojaa mezani, akamwangalia tena. Naamini alielewa wakati ule, kabla ya mimi kusema lolote.

Bomba la daktari nililiacha nyumbani, mwalimu mzima. "Maji baridi!" nikasema. Jirani akakimbilia mtungi wake, akajaza beseni, akalileta mbio hadi maji yakamwagika. Alipofika mbele ya mama akasita. Maji yalikuwa ya nyumba yake. Akapiga magoti, akaliweka beseni chini, akavuta pumzi, akatumbukiza uso wake mwenyewe humo hadi masikioni. Alikaa hapo muda. Alipoinuka kitambaa kilikuwa kimemteleza, maji yanamtiririka shingoni. Alimsogezea mama beseni.

Mama akatumbukiza uso wake katika maji yale yale.

Nilikuwa nimeushika mkono wake. Mapigo yalikimbia, yakakimbia, yakasimama kidogo kiasi cha kunitisha, halafu likaja pigo moja zito, na jingine, na jingine, yakitembea kama mtu anayeteremka kilima bila haraka. Mama aliinuka akihema. Jirani alimfuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Imetulia?" akauliza.

"Imetulia." Mama alisukuma kikombe kilichokuwa mezani, kile kilichoonjwa, kikafika upande wangu. "Hiki mupatie mwalimu," akasema. "Mi uniletee ingine. Na usionje."