Mkono wa Gauni

Mwaka ule wa kipindupindu, katika miaka ya sabini, nilipewa lifti na lori la msafara wa harusi kutoka Idodi kwenda Iringa mjini. Kwenye kizuizi cha barabarani muuguzi akatuambia hapiti mtu bila kuchomwa sindano. Hakuna aliyeshuka. Ilivuma kwamba sindano ile inaua uzazi.

Mwishowe akashuka bi harusi mwenyewe, gauni jeupe kalifunika kwa khanga kuzuia vumbi. Mkono wa gauni ulimbana, haukunjiki.

“Kata, dada,” akamwambia muuguzi.

Shangazi yake akapiga kelele kutoka juu ya lori: “Mwanangu, utaingiaje kanisani na mkono mmoja wa gauni?”

“Nitaingia nikiwa mzima, shangazi.”

Muuguzi akakata. Shangazi akashuka akijifuta machozi, akanyoosha mkono wake. Sote tukamfuata.

Kanisani, bwana harusi aliutazama ule mkono wazi, uliokwisha kuvimba.

“Unauma?” akanong’ona.

“Kidogo.”

Akaushika ule mwingine.

Nimekwenda harusi nyingi tangu hapo, zenye magauni ya bei mbaya. Bi harusi aliyependeza kama yule sijamwona tena.