Jirani wa Getini

Meza ya ofisi hii ya shule imepakwa vanishi juzijuzi tu, na harufu yake hainiachi nitulie. Nimeshika fomu ya binti yangu, kalamu inaniteleza vidoleni.

Baba yangu alinukia harufu hiihii. Alikuwa seremala mtaa wa Keko, na siku ya usaili wangu kwenye shule ya kulipia alijisugua mikono kwa mafuta ya taa hadi ikawa myekundu, harufu ikagoma kutoka. Bibi, mama yake, alikuja nasi, maana ndiye aliyenilea. Alikuwa na chale za Kimakonde usoni, mistari iliyopanda mashavuni hadi kwenye paji, niliyozoea kuifuata kwa kidole nikisinzia. Tulipofika, Baba aliwaona wazazi wengine na suti zao, akamtazama Bibi usoni.

"Mama, wewe tusubiri hapa getini."

Ndani, mwalimu alichungulia dirishani.

"Yule bibi aliyekaa pale ni nani?"

Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Jirani yetu, mwalimu. Katusindikiza tu."

Dirisha lilikuwa wazi.

Nafasi niliipata. Kila asubuhi Bibi alinipeleka, begi langu begani kwake, kiganja chake kikavu kimenibana vidole kama zamani. Tukilikaribia geti alikuwa ananiachia, ananivalisha begi, ananinyoosha kola.

"Haya, nenda mjukuu wangu. Mie jirani naishia hapa."