Dume la Chawa wa Magome

Dada yangu alipoteza macho akitafuta dume. Msicheke. Mimi mwenyewe nilicheka miaka yote, na sasa sina hamu.

Alifanya kazi makumbusho, chumba cha wadudu, jicho kwenye hadubini tangu asubuhi. Siku tuliyompeleka mama hospitali, dada aliona kwenye gome la mti wa uani pale hospitali vidudu vidogo kuliko punje ya mchele, vinakula ukungu. "Chawa wa magome," akaniambia. Nikaruka! "Hawaumi mtu, mdogo wangu. Chawa ni jina tu." Michirizi ya mabawa yao haikuwa kwenye kitabu chochote, na dada akaapa kuwachora na kuwapa jina kwa mkono wake mwenyewe.

Shida ni kwamba wadudu wa ukoo huo hutofautishwa kwa maumbile ya dume, na kila aliyemkamata alikuwa jike. Mwaka ukaja, mwaka ukaenda, majike watupu. "Ungemtafuta wa kwako hivyo," nikamtania, "saa hizi ungekuwa na wajukuu." Alicheka. Lakini presha ya macho ilikuwa imeshamwanza, na daktari alimwambia wazi kwamba kilichokwenda hakirudi. Nilimwonea huruma, naye hakutaka huruma ya mtu.

Akaanza kuwafuga nyumbani, kila mtoto kwenye chupa yake na kipande cha gome, akiomba japo mmoja akue awe dume. Walipokua majike na kutaga, alichukua brashi akayafuta mayai. "Viza haya, hayana baba," alisema, akaosha chupa. Dada alikuwa msafi, msafi wa kuudhi.

Kisha macho yakafunga kabisa. Chupa ya mwisho ikabaki dirishani bila wa kuishughulikia. Juzi niliichukua niioshe. Kumbe chini ya utando, juu ya gome, kuna vitu vinatembea! Nusura niiangushe.

"Dada! Kuna watoto humu!"

"Mama yao alikuwa na nani?"

"Na nani tena? Si ulimfungia peke yake tangu mchanga!"

Akasema polepole kwamba hawa hawana madume, jike huzaa peke yake, na mabinti zake vivyo hivyo. Hakukuwa na wa kumtafuta.

"Basi umewajua!" nikashangilia. "Dada, umewajua!"

Kumbe analia. "Nilikuwa nayafuta," alisema. "Nilikuwa bado naona, na nilikuwa nayafuta."

Akaniambia nimwite mwenzake wa kazini, awachore yeye. Kisha akanyoosha mkono, nikampa chupa. Akaisogeza usoni kwa mazoea, akaielekeza kwenye mwanga.

"Wakoje?"

"Wadogo," nikasema. "Wadogo sana, dada."

"Hilo najua. Nauliza rangi."

Nikainama nitazame, lakini machozi yalikuwa yamenijaa, nami sikuona kitu.