Siku Saba za Mnada

Mke wangu alipokwenda ng'ambo kumsaidia binti yetu kulea pacha, tulikubaliana ni miezi mitatu. Sasa ni mwaka wa tatu. Simlaumu. Wajukuu wanamhitaji, na mimi najua kujipikia. Lakini nyumba yetu iko juu ya Kikima, ambako ukungu wa Julai hukaa hadi saa nne asubuhi, na kuna siku nilizomaliza bila kusema neno na mtu.

Nilifundisha umekanika hadi nikastaafu. Labda ndiyo sababu nilianza kuangalia minada ya magari kwenye simu, yale ya zamani ya mbio, ya viti viwili na paa la turubai. Nilisoma tu kwa miezi. Halafu likatokea moja lililokuwa Kitui, picha mbaya, maelezo mistari miwili. Mtu mmoja alishindana nami, naye akachoka mapema, likawa langu.

Nililikuta nyuma ya duka la nguo, limefunikwa magunia. Mwenye duka alikuwa mama mjane, Mwislamu, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Alisema marehemu mumewe alimpeleka nalo Mwingi mara moja, wakarudi na vumbi hadi kwenye kope. Alinipa chai, kisha akaingia ndani kabla hatujaanza kulivuta.

Nilimwambia mke wangu habari za gari lile Jumapili moja, siku anayonipigia.

"Viti viwili," alisema. "Cha pili ni cha nani?"

Nikamjibu ni chake. Akauliza kama mvua imenyesha.

Nililitengeneza kwa karibu miaka miwili. Kabureta nilifungua mara tatu, sakafu iliyooza nikaikata na kuichomelea upya. Lilipopona nililiendesha hadi mji mdogo wa Salama. Watu walilipiga picha kando ya barabara, na mama mmoja muuza matunda akaniuliza mzee, leo umemwacha nani nyumbani? Nilinunua gunia la machungwa nisiyoyahitaji, nikaliweka kwenye kile kiti kingine. Wiki hiyohiyo nililitangaza kuuzwa.

Mnada ulikuwa wa siku saba, na sijawahi kuwa na siku kama hizo. Watu waliuliza maswali kutoka miji nisiyoijua. Mmoja alitaka kusikia injini ikiwaka ikiwa baridi, nikaamka alfajiri kuirekodi. Mwingine alitaka picha za chini, nikalala kwenye majani yenye umande nikazipiga. Nilimjibu kila mtu, kwa maneno mengi kuliko aliyohitaji. Mmoja aliandika, "Asante mwalimu," ingawa sikuwa nimesema popote kwamba nilikuwa mwalimu.

Dakika za mwisho dau lilipanda haraka, kisha mnada ukafungwa. Watatu au wanne waliandika hongera. Jioni ile niliufungua ukurasa mara nyingi. Hakukuwa na swali lingine.

Mshindi alikuwa mtu wa Mombasa. Tulipatana tukutane Mtito Andei, nikampelekea gari mwenyewe. Nilikuwa nimeandika kurasa nne za maelezo, namna ya kuliwasha, mahali pa kusikiliza injini. Nilifika mapema nikaagiza nyama ya mbuzi ya watu wawili. Lori la kubebea magari likaja, na ndani alikuwa dereva peke yake.

"Tajiri hakuja?" nikauliza.

"Yuko kazini, mzee. Mimi nimeambiwa nibebe gari."

Nilimsaidia kulifunga kamba, nikampa zile kurasa. Alizitia kwenye mfuko wa mlango pamoja na risiti zake. Hakuweza kungoja chakula, kwa hiyo nikamfungia nyama nusu kwenye karatasi. Nyingine nilikula mwenyewe, bila haraka, kisha nikatafuta basi la kurudi.

Miezi michache baadaye nililiona gari lile mnadani tena. Tajiri alikuwa amenakili maelezo yangu ya mnada wa kwanza neno kwa neno. Lakini mtu aliposoma humo kwamba gia ya tatu hukataa asubuhi na kuuliza sababu, tajiri alijibu kwamba hajui. Nikaandika chini yake kwamba si ugonjwa, akanyage klachi mara mbili na kuipa dakika tano ipate joto.

"Wewe umejuaje?" mtu akauliza.

"Nililitengeneza mimi."

Basi maswali yakaanza kunijia mimi, na tajiri hakunizuia. Niliacha ugali ukapoa. Ilikuwa Jumapili, na simu ikalia mkononi mwangu nikiandika.

"Nitakupigia baadaye," nilimwambia mke wangu. "Nina watu."

"Watu gani?"

"Wa gari."

Nilisikia mtoto akilia upande wake. Alisema haya, hakuna neno, akakata. Nikarudi kwenye swali la breki, na baada yake la rangi, hadi muda wa mnada ukaisha.